Chekeamwezi: Jina Lililozaliwa Usiku

Usiku wa mwezi mpevu, maji yakiwa yametoka na kuuacha wazi mchanga, matope na mizizi ya mikoko, mtu aliyesimama ukingoni mwa hori la Pemba aweza kubahatika kusikia sauti isiyofanana na nyingine yoyote ya usiku. Huanza kwa mbinja fupi fupi za haraka, moja ikiikimbiza nyingine. Hupanda na kukaza, kisha hulegea, hushuka polepole na kupotea. Baada ya kitambo kidogo hujibiwa kutoka ng'ambo ya pili ya hori. Mwenye sauti haonekani. Mwenye kujua atasema tu kuwa huyo ni chekeamwezi.

Makala haya yanahusu jina hilo. Ni jina dogo, la ndege asiyekuwa na thamani sokoni wala sifa katika vitabu vya watalii. Lakini wapenzi wa ushairi wanajua kuwa neno laweza kuhifadhi jambo ambalo daftari za serikali hazikulihifadhi. Dai letu ni kuwa jina la chekeamwezi ni hati ya kihistoria: linatwambia kuwa walikuwako watu waliofanya kazi usiku katika matope na maji ya pwani yetu, na kwamba usiku huo kwao haukuwa kitisho.

Kwanza tumtambue mwenyewe. Chekeamwezi ni ndege wa miguu mirefu, mwenye urefu wa kiasi cha sentimita 40 tangu ncha ya mdomo hadi mkiani. Rangi yake ni ya kahawia iliyochorwa michirizi myeusi, na bawani ana utepe wa kijivu. Macho yake ni makubwa kupita kiasi cha kichwa chake, yana rangi ya manjano iliyochanganyika na ukijani, na ndiyo yanayomfichua kuwa ni kiumbe wa gizani. Mchana kutwa hujibanza chini ya kichaka au kwenye kivuli cha mkoko, hatikisiki, na mtu aweza kumpita kwa hatua chache asimwone. Jua likichwa huinuka, hujinyoosha, na kuteremka majini kutafuta kaa, konokono na wadudu. Jike hutaga mayai 2 juu ya ardhi tupu karibu na maji, na wazazi wote wawili huyalalia kwa zamu. Katika mito ya bara, jamaa zake wamezoeleka kutaga karibu na mahali mamba anapofukia mayai yake, kwani mamba alindaye mayai huwafukuza wezi wa kila aina.

Ndege huyu hana jina moja duniani, na majina aliyopewa na wengine yanafaa kuwekwa kando ya letu. Kwa wanasayansi yeye ni Burhinus vermiculatus. Neno la kwanza limetokana na Kigiriki na maana yake ni pua ya ng'ombe. La pili ni la Kilatini, na linaifananisha michirizi ya manyoya yake na nyayo za minyoo. Aliyempa jina hilo la pili ni Jean Cabanis, mtaalamu wa ndege wa Berlin, mwaka 1868, kutokana na ndege wa Ziwa Jipe, lililoko mpakani mwa Kenya na Tanzania. Ziwa hilo lilifikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1860 na msafara wa Baron Carl Claus von der Decken, Mjerumani aliyekuwa akijitayarishia safari zake Unguja na akauawa mwaka 1865 kando ya Mto Juba. Makaburu wa Afrika Kusini wamemwita ndege wa ukoo huu dikkop, yaani kichwa kinene. Waingereza nao wamemwita kwa jina lenye maana ya goti nene, na hata hapo wamekosea, kwani kile kivimbe kinachoonekana katikati ya mguu wake si goti bali ni kifundo.

Msomaji atazame: pua, minyoo, kichwa, goti. Majina yote hayo yamezaliwa mchana, na yamezaliwa mkononi. Ni majina ya mtu aliyekwisha kumpiga ndege risasi, akamlaza juu ya meza, akampima. Hatusemi kuwa kazi hiyo haina maana, kwani bila ya hiyo tusingeweza kujua kuwa ndege wa Pemba na ndege wa Jipe ni wamoja. Lakini hakuna hata jina moja kati ya hayo linalotwambia kuwa ndege huyu ana sauti, wala kuwa ni wa usiku, wala kuwa ana uhusiano na mwezi. Jina la Kiswahili limeyasema yote matatu kwa neno moja, na halikuutaja mwili wake hata kidogo. Walioliunda hawakumshika ndege mkononi. Walimsikia.

Tuliangalie na neno lenyewe. Kitenzi ni kucheka. Kiambishi cha kutendea kimeongezwa, tukapata kuchekea. Katika lugha yetu kumchekea mtu si kumcheka. Kumcheka ni kumdharau, ilhali kumchekea ni kumpokea kwa uso mkunjufu, kumridhia, hata kumwendekeza. Ndiyo maana wakulima walionya kuwa ukimchekea nyani utavuna mabua: anayelaumiwa hapo si mtu aliyemdhihaki nyani, bali aliyemwonea haya na kumwachia shamba. Basi chekeamwezi haucheki mwezi. Huuchekea. Mwezi unapochomoza yeye huupokea kama mwenyeji ampokeavyo mgeni aliyemngojea mlangoni.

Muundo huu wa kuunganisha kitenzi na nomino ili kupata jina ni wa kale na haujafa. Ndio uliotupa vunjajungu. Na katika Pemba yenyewe ndio uliotupa Vumawimbi, ule ufuko wa kaskazini magharibi unaopakana na msitu wa Ngezi. Waliopaita mahali hapo hawakusema mchanga wake ni mweupe, kama wanavyosema wageni wa leo; walisema wimbi huvuma. Mahali pamepewa jina kwa sauti yake, na ndege naye kwa sauti yake. Ni ada ya watu wanaotumia masikio, na masikio hutumika zaidi pale macho yanapokuwa na kazi ndogo.

Lakini kwa nini mwezi? Jawabu la mwanzo ni kuwa mwanga wa mwezi humsaidia ndege kuona chakula chake, na jawabu hilo ni sahihi. Liko la pili, ambalo kila mvuvi analijua hata kama hajapata kuliandika. Mwezi unapokuwa mpevu, maji ni ya bamvua, na tofauti ya kujaa na kupwa katika visiwa vyetu hufikia kiasi cha mita 4. Siku za bamvua maji hujaa alasiri karibu na saa kumi, na hutoka hadi kikomo chake karibu na saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Kwa hiyo katika usiku wa mwezi mpevu mambo mawili hukutana: mwezi umekwisha kupanda juu, na pwani yote iko wazi. Bamvua ya mwezi mwandamo pia hutoa maji saa hizo hizo, lakini katika giza. Usiku wa mwezi mpevu ndipo meza ya chekeamwezi inapoandikwa na kuwashiwa taa kwa wakati mmoja.

Meza hiyo hakuwa akiila peke yake. Kila aliyekuwa na haja ya kitoweo aliijua saa hiyo. Aliyetafuta kaa kwenye mikoko, aliyetafuta pweza mwambani, aliyekwenda kuangalia uzio au dema lake, wote walihesabu siku za mwezi na saa za maji. Wavuvi wa dagaa wanaovua kwa taa walikuwa na hesabu yao iliyokwenda kinyume: wao hufanya kazi katika giza, kwa sababu samaki huifuata taa pale tu mwezi usipoishinda, na mwezi mpevu ndiyo siku zao za kupumzika na kushona nyavu. Hivyo hakuna aliyeishi pwani akaweza kuupuuza mwezi. Ndege aliyepewa jina kwa mwezi alipewa na watu ambao riziki yao ilipimwa kwa mwezi.

Hapa ndipo jina linapoingia katika historia ya Pemba yenyewe. Kisiwa hiki Waarabu wa kale walikiita Al-Jazira al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani, na ukijani wake ni wa aina mbili: wa vilima na wa mabonde. Upande wa magharibi vilima hufuatana karibu karibu, na kati ya kila viwili hupita bonde lenye maji. Mabonde mengi huteremka hadi yakaishia horini, ambako mpunga hukoma na mikoko huanza. Maji matamu na maji ya chumvi hupeana mkono hapo. Hapo pia ndipo kwao chekeamwezi.

Mabonde hayo yana historia ndefu kuliko mikarafuu. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamefanya kazi Tumbe na Chwaka, kaskazini ya kisiwa, na wamezipata punje za nafaka zilizoungua zikabaki udongoni. Uchunguzi wa punje hizo, uliochapishwa na Sarah Walshaw mwaka 2010, umeonyesha kuwa watu wa Tumbe, baina ya karne ya 7 na ya 10, walikula zaidi uwele. Na kwamba Chwaka, mji ulioinuka tangu karne ya 11, mpunga ndio uliotawala. Maana yake ni kuwa kwa kiasi cha miaka elfu Wapemba wamekuwa watu wa bondeni: watu wa kulima matopeni, kupalilia majini, kuamia ndege mchana, na kulinda mashamba usiku.

Mpunga huo ukawa siasa. Wareno walipojenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, chakula cha mji huo kilitazamiwa kutoka Pemba. Walipotolewa na Waomani mwaka 1698, na baadaye Wamazrui wakaitawala Mombasa, tegemeo lilikuwa lile lile. Na Wamazrui walipoipoteza Pemba kwa Sayyid Said mwanzoni mwa miaka ya 1820, walipoteza ghala lao. Vita vilivyoandikwa katika vitabu kuwa ni vya ngome na mizinga vilikuwa pia vita vya mabonde. Askari wa ngomeni alikula jasho la mtu aliyesimama ndani ya maji hadi magotini, na jina la mtu huyo halikuandikwa.

Kisha ikaja karafuu, na karafuu ni mti wa kilimani. Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa zao hilo. Kazi ilifanywa na watumwa hadi utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, na baada ya hapo na waliokuwa watumwa, wenyeji na vibarua. Macho ya watawala, ya wafanyabiashara na ya waandishi yakapanda vilimani pamoja na karafuu. Kapteni Craster, aliyekuja kupima kisiwa ili kichorwe ramani, alikiita kisiwa cha viungo katika jina la kitabu chake cha mwaka 1913. Bonde na hori vikabaki kuwa mahali pa kupita tu kwenda mashamba makubwa. Mchele uliokuwa ukitoka Pemba ukaanza kuingia Zanzibar kwa meli kutoka Asia.

Na usiku wa Pemba nao ukaandikwa kwa namna yake. Mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake Remote People cha mwaka 1931, aliitaja Pemba kuwa makao makuu ya uchawi, na sifa hiyo imekuwa ikinakiliwa na kila apitaye. Mwaka 1995 ilipozuka hofu ya popobawa, ikaanzia Pemba na kuenea Unguja na Dar es Salaam, watu wakilala nje kwa makundi na mioto ikiwaka, magazeti ya ng'ambo yalipata tena usiku wa Pemba wanaoutaka. Hatutaki kusema kuwa hofu hiyo ilibuniwa na wageni. Wazee wetu waliogopa bundi, waliogopa baadhi ya miti, na waliokesha mwaka ule walikesha kwa hofu ya kweli. Tunachosema ni kuwa huo haukuwa usiku wote. Vitabu vya ndege vya Wazungu huieleza sauti ya chekeamwezi kuwa ni ya huzuni, kama kilio. Wasemaji wa Kiswahili waliisikia sauti ile ile, gizani, wakiwa peke yao pwani, nao wakasema: anacheka. Mtu anayeuogopa usiku wake hawezi kusikia kicheko ndani yake. Jina hili ni ushahidi wa usiku mwingine, wa kazi, wa kitoweo, wa michezo ya watoto kwenye mbalamwezi, ambao haukupata mwandishi kwa kuwa haukuwa na ajabu.

Haki iwape pia walioandika. J. H. Vaughan alichapisha uchunguzi wake juu ya ndege wa Unguja na Pemba mwaka 1929 na 1930. R. H. W. Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni, mwaka 1937 alimtangaza kwa wataalamu yule bundi mdogo wa Pemba asiyepatikana popote pengine duniani. Na mwaka 1959 alichapisha orodha ya majina ya Kiswahili ya ndege na wanyama wa visiwa hivi. Kitendo hicho cha mwisho chafaa kukumbukwa. Ofisa aliyekuwa na majina ya Kilatini mkononi aliona kuwa majina ya wavuvi na wakulima nayo ni elimu inayostahiki karatasi. Hata hivyo, tangu hapo sifa imewaendea ndege wanne wa Pemba tu, yaani bundi huyo, ninga, chozi na kijichojeupe wa kisiwani, kwa sababu hawako kwingine. Chekeamwezi yuko kila mahali penye maji, tangu mwambao hadi maziwa ya bara na mito ya kusini mwa Afrika, na kwa hiyo hana wa kumtafuta.

Yaliyomfika ndege yamewahi kuwafika na washairi. Kamange na Sarahani, mabingwa wawili wa Pemba wa mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, waliishi kwa miaka mingi katika vifua vya watu na katika karatasi za wachache kabla ya tungo zao kutolewa kitabuni mwaka 2011 kwa jina la Kale ya Washairi wa Pemba. Lau vifua hivyo vingenyamaza kizazi kimoja mapema zaidi, tungebaki na majina mawili matupu. Shairi lina wenyewe: lina mashabiki, wahifadhi, na wajukuu wa mtunzi. Jina la ndege halina mjukuu. Aliyelitunga hajulikani, na wa kulirithisha ni yule tu anayetoka usiku akalisikia linalotajwa.

Na hapo ndipo palipo na shaka yetu. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, ikaachana na majenereta ya Wesha. Ni neema, na hakuna mwenye akili atakayeomba irudishwe. Lakini mtoto aliyekulia chini ya taa hana haja ya kujua mwezi uko siku ya ngapi. Kwa upande wa bondeni, maji ya chumvi yameingia katika mashamba kadhaa ya mpunga ya kisiwa na kuyaharibu, bahari ikipanda na mikoko iliyokuwa ngao ikikatwa kwa kuni, mkaa na boriti. Juhudi zipo: Misali iliwekewa hifadhi mwaka 1998, hifadhi ya Mkondo wa Pemba ikafuata mwaka 2005, na katika vijiji vingi watu wamepanda mikoko kwa mikono yao. Ndege mwenyewe bado hayumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka duniani. Inaelekea atakuwepo.

Kinachoweza kutoweka ni neno. Tutakapofika siku ambayo mwanafunzi wa Wete au Mkoani anamfahamu ndege huyu kwa jina la goti nene alilolisoma kitabuni, ilhali bibi yake alimwita chekeamwezi, ndege hatakuwa amepoteza kitu. Sisi ndio tutakuwa tumepoteza ushahidi kwamba wazee wetu walisimama pale, miguu ikiwa matopeni na kapu mkononi, saa nne ya usiku wa mwezi mpevu, wakasikiliza, na wakaridhika na walichokisikia.

Mwezi ujao utakapopevuka, maji yatatoka saa ile ile. Mwenye mtoto na amchukue hadi ukingoni mwa hori, azime taa, wanyamaze. Sauti ikija, na amtajie jina.